Sambaza Zilizonyooka

Ukitaka kumuudhi Verediane, mwambie kwamba sambaza ni sambaza tu. Ila uwe umeshakaa, maana miguu itakuishia kabla maneno yake hayajaisha. Atakuambia kuna za jana na za leo, kuna za mwezi mpevu na za giza, kuna zilizokaushwa na mtu mwenye akili na zilizokaushwa na mtu mwenye haraka. Halafu kuna zake mwenyewe, ambazo hazina mfano.

Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, akarudi Gisenyi na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mitatu. Darasa la tano lilibaki kule kule pamoja na madaftari. Kiswahili cha Masisi alikuja nacho, na nyumbani kwake hakijahama hadi leo. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akishuka mwaloni Rubona alfajiri, ananunua sambaza, samaki wale wadogo wa ziwa Kivu, wakiwa bado wanang'aa, anawapandisha nyumbani, anawakausha juu ya mikeka uani, kando ya njia. Waliokauka anavuka nao Petite, kizuizi kidogo cha mpakani, beseni kichwani, hadi soko la Birere pale Goma.

Kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo amemuuzia mtu mmoja tu, Mama Gentil. Karatasi hawana, shahidi hawana. Mama Gentil anapokea beseni zima, Verediane anarudi na beseni tupu. Hazunguki barabarani akiita watu, wala hakimbizwi na askari wa mji. Waulize wanawake wanaovuka pale kila asubuhi, wenye nyanya, wenye kabichi, wenye maziwa ya Mudende, watakuambia kwamba mteja wa namna hiyo ni wa kumwombea afya kanisani.

Adui wa Verediane ni masika. Mvua ikianza, mikeka inatandikwa na kukunjwa mara sita kwa siku, na sambaza ambazo hazikupata jua zinaanza kunuka. Akifika hapo Verediane anazitupa, maana hajawahi kumuuzia mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kula.

Sasa binti yake mkubwa, Belise, alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kikuu cha mjini, akisomea biashara. Mwalimu wake aliitwa Donat, mtu mfupi aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili kilichopigwa pasi. Siku ya kwanza ya muhula aliwaambia wanafunzi wake hivi: "Digrii nitawapeni. Kazi sina. Kila kundi liniletee kitu kinachofanya kazi mikononi mwa mtu asiyejua hata jina langu. Mkiniletea makaratasi peke yake, nitafungia maandazi."

Belise akaunda kundi na Shyaka, kijana aliyelelewa Uganda, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa magongo. Wakakaa sebuleni kwa Verediane siku tatu na kompyuta yao. Siku ya nne Verediane akauliza wanafanya nini.

"Aplikesheni ya wavuvi, mama," Belise akasema. "Itakuwa inaonyesha samaki iko wapi."

"Samaki iko na simu?"

"Hapana, mama, ni satelaiti ndiyo…"

"We Belise. Mu nyumba yako sambaza inaoza, unaisikia na pua yako mwenyewe, halafu unaenda kutafuta shida mu mawingu?"

Shyaka akacheka.

"Na we unacheka. Wiki iliyopita nilitupa beseni mbili. Cheka vizuri, usiache jino hata moja ndani."

Shyaka akafunga mdomo. Baada ya muda akafunga na kompyuta.

Hivyo ndivyo sanduku lilivyoanza. Shyaka alipata mbao kwa fundi mmoja wa majeneza, na nailoni nzito inayopitisha mwanga akaipata Nyundo, kwa mkulima aliyekuwa amebomoa kitalu chake cha nyanya. Wakatengeneza kitu kirefu kama kitanda cha mgonjwa, na mteremko wa nailoni juu yake. Chini waliweka bati lililopakwa rangi nyeusi, katikati trei za wavu, na ubavuni tundu la kupitishia hewa. Jua likipiga bati, hewa inapata moto, inapanda, inapita kwenye samaki na kutoka juu. Mvua ikinyesha, inyeshe.

Siku ya kwanza wingu lilipokuja saa nane, sanduku likapoa kama uji wa asubuhi. Belise akaanza kuandika andika kwenye daftari. Verediane alitazama kidogo, akaenda nyuma ya choo na kurudi na karai limejaa mawe meusi, yale yaliyotapikwa na volkano, ambayo Gisenyi na Goma watu wanajengea kuta na kutupia mbwa.

"Panga haya juu ya bati. Bati ikiona wingu inasahau jua. Jiwe haisahau."

Wakapanga. Wingu likaja, mvua ikaja, na saa kumi na moja jioni mkono wa Belise uliingia sandukuni ukatoka una joto. Shyaka alimwangalia Verediane kwa heshima aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya maprofesa.

"Mama, hii ulisoma wapi?"

"Nilikaliaka jiwe mu baridi ya Masisi. Hiyo ni shule."

Basi siku ya kuweka samaki kwa mara ya kwanza ilifika, na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kimya kimya. Belise na Shyaka walinawa mikono, wakainama juu ya trei, wakaanza kupanga sambaza mmoja mmoja. Kichwa juu, mkia chini, huyu asimguse yule, mstari baada ya mstari, kama watoto wa shule wakati wa kukaguliwa kucha. Iliwachukua saa mbili. Ilipendeza, usiseme.

Verediane alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Miaka kumi na tisa yeye sambaza anazimwaga kama anayelisha kuku, kisha anazipitia kwa kiganja, anazichanganya, anaziacha. Mkono ulimwasha. Mdomo ukafunguka. Kisha ukafungwa. Hawa wamesoma, akajiambia. Labda hesabu ya upepo inataka hivyo.

Jirani yake Mukamana, ambaye kwa miaka mingi amepata habari za nyumba ile bila kutoka kitandani, alisema baadaye kwamba kimya cha siku ile kilimtisha. Alidhani kuna msiba.

Sambaza zilikauka kwa siku moja na nusu, katikati ya mvua. Zilitoka safi, zimenyooka kama misumari. Jumatano Verediane akazijaza kwenye beseni, akafunika kwa kitenge kipya, akavuka Petite akitembea kama mtu anayekwenda kubatiza mtoto.

Birere hakuna anayenunua kopo lililojaa. Kopo lililojaa tu ni kopo la mwizi. Kipimo ni kopo la maziwa ya unga, na mtu hununua kopo lenye mlima juu yake. Wanawake wa pale mlima huo wanauita Nyiragongo, kama ule wa kweli unaofuka moshi nyuma ya mji. Mteja anautazama kwanza kabla ya kutazama samaki. Akishaukubali, muuzaji anaongeza ngumi moja ya matabishi, nyongeza ya kumrudisha kesho.

Mama Gentil, mwanamke mpana asiyeinuka kitini bila sababu, alichota kopo la kwanza, akalijaza, akaanza kujenga mlima. Sambaza zikateleza. Akajenga tena. Zikateleza tena, zikamwagika juu ya miguu yake. Mara ya tatu alizishikilia kwa viganja viwili kama anayelinda mshumaa kwenye upepo, akaachia pole pole. Zote chini.

"Nyiragongo ilishalipuka!" akapiga kelele muuza mboga za lengalenga wa meza ya jirani, na meza zote tano zikacheka.

Mteja aliyekuwa akingoja, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, akasonya. "Mama Gentil, kopo bila mulima? Siku hizi unanizarau?" Akahamia meza ya pili.

Mama Gentil aliweka kopo chini. "Mama Belise. Ni nini hii umeniletea? Vijiti ya meno?"

"Ni sambaza, mama. Ni ile ile, ya Rubona. Watoto ya chuo ndio walikausha, na mashini."

"Bon. Basi mashini ije kuiuza." Alichukua mmoja, akamvunja, ka! Akamtia mdomoni, akatafuna taratibu, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akafunga ngumi mbili za sambaza kwenye pembe ya kitenge chake, kisha akasukuma beseni likarudi kwa mwenyewe.

"Sikiliza, mama. Kuko mwanamke mumoja wa Mahoko, kila asubuhi ananisalimia kupita lazima. Anataka nafasi yako, na mi namwambiaka hapana, nafasi iko na mwenyewe. Jumamosi uniletee sambaza yenye kusimama. Ukikosa, ataleta yeye."

Verediane alivuka mpaka kurudi nyumbani na beseni zito kichwani, mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Walinzi wa kizuizini, wanaomjua, hawakumtania.

Nyumbani mvua ilikuwa inapiga bati kama watu wanaodai kitu. Mikeka ilikuwa imekunjwa ukutani, imeota ukungu. Mikeka ingempa samaki waliooza, sanduku lingempa vijiti, na Jumamosi ilikuwa siku tatu mbele. Akawaeleza Belise na Shyaka yote, hakuficha hata kicheko cha muuza lengalenga.

Shyaka akafikiri, akainua kidole. "Mama, tutumie mizani. Kwa kilo, watu wataona ni samaki wengi."

"Birere mizani ni mwizi aliyesoma. Endelea."

Shyaka akashusha kidole.

Belise alikuwa amekaa kwenye ukingo wa sanduku. "Basi, mama. Mi nimechoka. Kuko ofisi moja mjini inatafuta mutu wa mapokezi, barua niliisha andika. Tutaonyesha makaratasi, mwalimu atupe alama zenye atatupa. Hii sanduku fanya nyumba ya kuku."

"Kuku yangu iko na nyumba." Verediane alivuta kigoda, akakaa mbele ya binti yake. "Mi nakuuliza. Umeshaona mutu ananunua sambaza Birere?"

"Mama, mi nimekula sambaza tangu…"

"Sikuuliza kula. Nimeuliza kununua."

Belise akachokonoa msumari wa sanduku.

"Miaka makumi mbili na mbili unalala karibu na mpaka, tukipika huku wanasikia harufu kule. Ulipima joto. Ulipima upepo. Ulipima nini, ile ingine?"

"Unyevu."

"Unyevu. Mama Gentil hukumupima. Kesho unavaa viatu, tunaenda."

Alhamisi alfajiri Verediane alishuka Rubona kama kawaida, akanunua samaki, akawaosha kwa maji ya chumvi, akawaacha kivulini chini ya ulinzi wa Shyaka na fimbo ya kufukuzia paka. Kisha mama na mwana wakavuka na zile sambaza za sanduku. Belise alivaa viatu vyeupe. Hadi wanafika Birere vilikuwa vya rangi ya Birere.

"Ndo huyu mwenye vijiti?" Mama Gentil akauliza, bila kuinuka.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Shikamoo haijazi kopo. Chukua." Akamkabidhi kopo, na sambaza za Verediane za wiki iliyotangulia, zile za mkeka, zilizobaki kidogo mezani. "Jenga."

Belise akajenga. Mkono wake ulikuwa mgeni, mlima ukatoka umepinda upande, lakini ulisimama. Muuza lengalenga akapiga makofi. Kisha Mama Gentil akampa zile za sanduku. Ziliporomoka. Akarudia mara nne, na kila mara meza tano zilihesabu kwa sauti, kama watu wa mpirani.

Mara ya tano Belise hakujenga. Alichukua sambaza mmoja wa mkeka na mmoja wa sanduku, akawalaza kwenye kiganja, akawaangalia kwa muda mrefu. Wa mkeka alikuwa amejikunja kama kidole kinachoita mtu. Wa sanduku alinyooka. Akachukua waliojikunja wawili, akawashikanisha. Waling'ang'aniana.

"Hizi zinashikana," akasema. "Juu ya nini zimejikunja?"

"Sambaza ni kama mutoto mu kitanda," Mama Gentil akasema. "Ukimufunga kwa kunyoosha, ataamka amenyooka. Ukimuacha, atajikunja mwenyewe."

Belise akamgeukia mama yake. "Mama, we unazipangaka?"

"Mi namwagaka. Halafu naharibu na mukono."

"Na siku ile tulikuwa tunapanga, ulikuwa pale mlangoni."

"Nilikuwa."

"Uliona."

"Niliona."

"Na hukusema kitu?"

Verediane, ambaye amewahi kumkatiza padri katikati ya mahubiri, alitazama vidole vya miguu yake. "Nilifikiri ni masomo," akasema.

Hapo Belise angeweza kucheka, na angeweza kulia. Alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. "Mama," akasema, "hakuna kitu tulisoma pale. Tulipanga sababu ilikuwa inapendeza."

Mama Gentil alikohoa. Alionekana kama mtu mwenye kitu mfukoni ambacho hajui akitoe au akirudishe. "Bon. Kwa sababu leo ni siku ya kusema. Ile ngumi mbili nilipeleka nyumbani, nikapika. Mume wangu alikula sahani yote, hakutema hata mara moja. Akaniuliza, leo mchanga iko wapi?"

"Mchanga gani?" Verediane akauliza.

"Mchanga ya sambaza yako."

"Sambaza yangu? Mchanga?"

"Mama Belise, unakausha chini, kando ya njia. Pikipiki zinapita. Kwani ulifikiri mchanga inapita wapi?"

"Miaka kumi na ine! Hukuniambia!"

"Ulikuwa unakuja na kiburi hivi, beseni iko juu, nikasema, nitamwambiaje huyu?"

Wanawake wawili walitazamana.

Mama na mwana walirudi haraka. Saa sita mchana Verediane alisimama juu ya trei za wavu, akachota samaki kwa mikono miwili na kuwarusha, shwaa, namna anavyolisha kuku, huku Belise akitazama mkono wake na si trei. Kisha Belise akarusha. Kisha Shyaka akarusha, nusu ikaenda kwa paka. Baada ya saa mbili walipita na kiganja wakavuruga, na mara hii Verediane hakunyamaza. Tundu la hewa lilikuwa dogo, akasema hivyo. Trei ya chini iko karibu mno na mawe, akasema hivyo pia. Kofia ya Shyaka haimpendezi. Hilo halikuhusu kukausha, lakini mdomo ulikuwa umekaa kimya wiki nzima na ulikuwa na madeni.

Ijumaa ilinyesha kutwa. Mawe hayakusahau.

Jumamosi Mama Gentil alichota kopo, akalijaza, akajenga. Mlima ukapanda. Akauongeza, ukapanda. Akausukuma kwa kidole kimoja, juu kabisa, kama anayeamsha mtoto. Haukuanguka. Mteja wa kwanza alikuwa yule dada mwenye mtoto mgongoni. Alitazama mlima, akatafuna mmoja, akatafuna wa pili, akafungua mfuko wake. Mama Gentil akatupia ngumi ya matabishi. Hakumshukuru Verediane, maana hiyo si kazi ya Birere. Alisema tu, "Yule wa Mahoko nitamwambia alete kabichi."

Maonyesho ya chuo yalikuwa wiki iliyofuata. Belise hakuweka picha ukutani. Aliweka mezani sambaza za aina mbili na kopo. Mmoja wa waamuzi, bwana mwenye tai, akauliza utafiti wao waliufanyia wapi. Belise akampa kopo. "Jaza, monsieur. Weka na mulima." Bwana akajaza kwa zile zilizonyooka, zikamwagikia viatu vyake. Kutoka viti vya nyuma sauti ya Verediane ikapasuka: "Matabishi! Mwongezee matabishi!" Ukumbi ukacheka, na mwalimu Donat akajifunika uso kwa karatasi, mabega yakitikisika.

Hawakushinda. Walikuwa wa tatu, wa kwanza wakawa kundi lililotengeneza kitu cha kuitia pikipiki kwa simu. Lakini wanawake watatu wa Rubona walitaka sanduku, na kabla mwaka haujaisha Belise na Shyaka walikuwa wametengeneza saba. Moja lilivuja, wakalirudia bila malipo, Shyaka akinung'unika kwa Kiingereza ili Verediane asielewe. Alielewa. Barua ya mapokezi ilibaki ndani ya begi hadi ikajikunja.

Siku hizi kila muhula Donat anamletea Verediane wanafunzi, wanne, watano, wana kalamu na haya. Anawaambia njiani, "Huyu mama ndiye mtihani wa kwanza." Hawapewi kiti kabla kila mmoja hajajenga Nyiragongo juu ya kopo. Ndipo Verediane anawauliza shida wanayotaka kuitatua ni ya nani, anaitwa nani, na wamemwona lini mara ya mwisho. Wengi wanarudi bila kukalia kiti.

Majuzi walikuja wasichana wawili wenye mpango wa kusafirishia viazi vya Mudende ndani ya makreti. Mmoja alitandika mchoro wake mezani, umepigwa rula, una rangi tatu, safi kuliko altare. Verediane viazi havijui. Aliinama, akautazama, mkono ukamwasha.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Mi sijasoma, lakini hapa iko kitu naona."